Nilirekodi kwaya juu ya salamu za mama mkwe

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 57, naishi Morogoro, mama wa watoto wanne na bibi wa wajukuu sita. Sijawahi kuandikia safu kama hii. Nilikuwa nikisoma barua za wenzangu najisemea, mtu mzima na akili zake anapelekaje mambo ya chumbani kwake gazetini. Leo ni zamu yangu.

Mume wangu ana miaka 63. Ujana wake aliula Dar es Salaam, kiwanda cha Urafiki, akiwa amepanga chumba Manzese na wenzake wawili. Mwaka 1984 alituma kadi ya salamu Radio Tanzania kumsalimia mama yake mzazi aliyekuwa kijijini Matombo, akaomba apigiwe wimbo wa bendi ya Sikinde. Wimbo wenyewe siutaji, maana akiliona jina lake hapa atajua mwandishi ni nani. Alinunua kaseti mpya ya TDK ya dakika 60, akaazima redio kaseti ya mwenzake, akakaa nayo Jumapili mbili kidole kikiwa juu ya kitufe chekundu. Jumapili ya tatu kadi ikasomwa. Alishtuka akachelewa kubonyeza, kwa hiyo jina lake yeye limekatika, linasikika la mama tu. Ni jina la Kiluguru, na mtangazaji alilitamka anavyojua mwenyewe. Halafu anasema Matombo, Morogoro, mwanao anasema usiwe na wasiwasi, likizo atakuja. Kisha gitaa linaingia.

Kule Matombo redio ilikuwa kwa jirani. Watoto walimfuata shambani mbio wakipiga kelele, bibi unatajwa Dar es Salaam. Alipofika salamu zilishapita, wimbo uko katikati. Akasimama uani kwa watu na jembe lake begani mpaka ukaisha. Tangu siku hiyo watoto wake walimtania kwa lile jina alilobatizwa na mtangazaji, naye akiliitikia. Haya yote nimehadithiwa. Mama mkwe alifariki 1988, sisi tulifunga ndoa 1990. Mimi namjua kwa picha moja ya pasipoti na kwa hiyo kaseti.

Tulipooana mume wangu alikuwa na redio kaseti yake, National, na kaseti kama thelathini. Hiyo moja haikupigwa ovyo. Ilikuwa ya Krismasi, au siku akiwa amepiga mbili tatu. Mara moja alimwazima mdogo wake, yule mwenye duka Kilosa, ikakaa huko karibu mwezi, na mume wangu alikuwa akihesabu siku. Ilirudi salama.

Sasa kosa langu. Mwaka 1997, mvua zile za El Niño, nilikuwa nimejiunga na kwaya ya parokia, sauti ya pili. Tulikuwa tunajiandaa na Krismasi, na kwa sababu njia ya kanisani ilijaa maji, mazoezi yakahamia sebuleni kwangu. Mwalimu akataka turekodi ili tujisikie tunapokosea. Nikachukua kaseti iliyokuwa karibu, kwa bahati mbaya ikawa ile. Mwanzoni ilikataa kurekodi. Mwenzangu mmoja akasema ziba hapo mgongoni, nikakunja kikaratasi nikaziba, ikakubali. Tukaimba. Jioni naitafutia ganda lake niirudishe, ndipo nikauona mwandiko wa mume wangu.

Sikusema. Nilijipa wiki moja nitafute maneno. Ndani ya wiki hiyo paa likavuja usiku, maji yakaingia kwenye redio, fundi akasema imekufa. Nikaona Mungu mwenyewe amenisitiri. Baadaye tukanunua ya CD, baadaye tena zikaja simu, kaseti zikatiwa kwenye boksi juu ya kabati. Miaka 28 sasa.

Tangu astaafu mume wangu ana muda. Amepata redio kaseti ya mtumba, fundi amembadilishia kamkanda ka ndani, na kila jioni anatoa kaseti moja, anaifuta vumbi, anaipiga. Ile bado hajaigusa, anasema anaitunzia siku yake. Siku yenyewe ni mwezi ujao: ndugu zake wote wanakutana Matombo kujengea kaburi la mama yao, na kwenye kundi la familia la WhatsApp ameandika kwamba baada ya misa atawasikilizisha salamu za mama. Dada yake mkubwa amejibu kwa ujumbe wa sauti, analia.

Niliyemwambia ni mjukuu wangu wa kwanza peke yake. Anasema, "Bibi, usihangaike. Wimbo uko YouTube, tunaushusha, na mtangazaji namtengeneza kwenye simu, tunarekodi juu ya hiyo kwaya yenu. Babu hatajua." Akanionesha. Shangazi, sauti inafanana kweli na watangazaji wa enzi zile. Nilisikiliza mpaka nikaogopa.

Nifanye nini? Niseme? Ninyamaze yatokee yatakayotokea? Nimkubalie mjukuu? Au hiyo kaseti ipotee tu? Panya ndani humu hawakosekani.

Sauti ya Pili, Morogoro

*

Marahaba, mdogo wangu. Kwa umri wako na wangu mimi ni dada yako tu, ushangazi ni jina la safu.

Nianze na kikaratasi, kwa sababu umekipitia haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa.

Kaseti ikitoka dukani huwa na vijino viwili vya plastiki mgongoni, kimoja cha upande huu na kingine cha upande ule. Vikiwapo, deki inarekodi. Ukivivunja, kitufe chekundu hakishuki. Havivunjiki vyenyewe. Inabidi mtu achukue ncha ya kisu au bisibisi ndogo, akae chini, avivunje kwa makusudi. Kijana mmoja wa Manzese alifanya hivyo mwaka 1984, na maana yake ilijulikana na kila mwenye redio nchi hii: hapa pasiguswe. Hata huyo mwenzako wa kwaya alijua, ndiyo maana alijua na dawa yake. Wewe ulipokunja karatasi ulijua kwamba kaseti hiyo ina kitu mwenyewe hataki kifutwe. Ulichokuwa hujui ni kitu gani. Hapo ndipo bahati mbaya yako inapoanza, haianzi mapema zaidi ya hapo.

Sikwambii haya nikuumize. Nakwambia kwa sababu umejiandaa kukaa mbele ya mumeo uanze na "kwa bahati mbaya", naye ataigeuza kaseti mkononi, maana ndivyo mwenye kaseti anavyofanya, na atakikuta kikaratasi chako kimekaa pale kama shahidi. Kuanzia hapo hatasikia neno lako lingine.

Mjukuu wako ana akili na anakupenda, na mpango wake ni mbaya kuliko panya.

Wimbo kwanza. Hao Sikinde, yaani Mlimani Park, walianza 1978, na nyimbo zao nyingi zile tulizozijua redioni zilirekodiwa studio ya Radio Tanzania pale Barabara ya Pugu. Kuna nyimbo walizokuja kuzirudia miaka ya baadaye, vinanda vikaongezwa, waimbaji wakabadilika. Mjukuu ataandika jina, atachukua inayotokea juu. Mumeo atagundua kabla ya chemko, pale wimbo unapochanganya. Anajua gitaa linapumua wapi, mwimbaji wao Gurumo anapokea wapi. (Mimi ni mtu wa Msondo, wapinzani wao, tangu wakiitwa NUTA, na najua kwa sentensi hii nusu ya wasomaji wangu wamenuna. Leo hatugombani.)

Halafu salamu. Mumeo anajua jina lake lilikatika baada ya silabi ya ngapi. Anajua mtangazaji alipovuta pumzi kabla ya kulivaa lile jina la Kiluguru. Mjukuu wako atalitamkisha vipi? Akilitamka sawasawa, amekosea. Akilikosea, atalikosea kivyake.

Na tuseme amefaulu, masikio ya uzee yamedanganyika. Unaiona Jumamosi hiyo? Msalaba umeshabarikiwa, saruji bado mbichi, ndugu wamekaa kwenye mikeka, wifi yako mkubwa anajifuta machozi kwa kitenge, analilia sauti iliyotengenezwa juzi kwenye simu na mtoto wa kidato cha tatu. Wewe uko palepale na sahani ya pilau. Utaimeza vipi hiyo pilau? Umebeba uongo wa kunyamaza miaka 28, ni mzito lakini ni wa kunyamaza. Huu mwingine utakuwa wa kusema, tena mbele ya kaburi. Mwambie mtoto akifute alichotengeneza, na umshukuru kwa nia yake.

Sasa nikueleze kwa nini nadhani wewe mwenyewe hujaupima ukubwa wa kitu kilichofutika, ingawa umekaa na hofu yake muda wote huo. Katika barua yako unaongelea kaseti. Mumeo hatafuti kaseti, wala wimbo.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Nilipokuwa na miaka 15, Tanga ilikuwa na Jamhuri Jazz na ilikuwa na Atomic Jazz, na mtu ulipaswa kuchagua kama unavyochagua timu. Hatukuruhusiwa ukumbini, ila kaka yangu aliniruhusu nisimame naye nje ya ukuta, upande wa wachoma mahindi, mpaka saa nne, isizidi. Kuna wimbo mmoja wa Atomic nikiusikia leo, kwenye daladala, popote, sioni bendi. Naona viatu vyeupe vya kaka yangu vikigonga mchanga. Ameshatangulia huyo kaka, na sura yake siku hizi naitafuta kwa shida, lakini viatu vinakuja vyenyewe vikiitwa na wimbo. Wanaochunguza kumbukumbu za binadamu wameliona hili mara nyingi: nyimbo za kati ya miaka 10 na 30 hivi ya mtu ndizo zinazokaa, na hukaa zimeshikana na watu na harufu na mahali. Mumeo alikuwa na 22.

Na vijana wanaosoma hapa wanielewe, wakati ule wimbo haukuwa kitu cha kukishusha. Sahani za santuri hatukuwa na kiwanda cha kuzichapa, zilichapwa Nairobi, na mpaka na Kenya ulifungwa 1977, ukafunguliwa tena 1983. Huku bara kituo cha redio kilikuwa kimoja tu, na hali hiyo ilikwenda mpaka katikati ya miaka ya tisini. Ukiupenda wimbo ulikuwa unausubiri. Unanunua kadi, unaandika majina kwa mwandiko wako mzuri, unatuma, unakaa. Wimbo unakuja siku wanayotaka wao. Kwa hiyo kijana wa kiwandani anayekaa Jumapili tatu na redio ya kuazima si kwamba hana shughuli. Alikuwa anamjengea mama yake kitu, kwa nyenzo pekee aliyokuwa nayo. Mama aliyezoea kulima, jina lake likapita juu ya milima ya Uluguru likaingia masikioni mwa nchi nzima, likiwa limevunjika, lakini lilipita. Huyo ndiye aliyekuwa ndani ya kaseti. Mtoto aliyewahi kumfanyia mama yake jambo kubwa kabla hajafa.

Ndiyo maana utamwambia, na utamwambia wiki hii, si wiki ya safari. Kila siku inayopita ndugu mwingine anajibu kwenye lile kundi, na mumeo anazidi kupanda juu ya mti ambao shina lake unajua limekatwa. Mpe muda wa kushuka kwa miguu yake mwenyewe, awaandikie ndugu zake kwa maneno yake, au asiwaandikie, hilo ni lake.

Chagua asubuhi. Usiku mtu mzima akipewa habari kama hii analala nayo, na usingizi wa hasira una madhara. Watoto na wajukuu wasiwepo. Usianze kwa kumpikia anachokipenda, atadhani umepatikana na ugonjwa. Weka kaseti mezani, useme kitu kama hiki, kwa lugha yenu: "Baba fulani, salamu za mama zimefutika. Nilizifuta mimi mwaka 1997, tuliporekodi kwaya. Vijino vilikuwa vimevunjwa, nikaziba kwa karatasi. Nilijua jioni ileile, nikaogopa kukwambia, na nimeogopa mpaka leo." Basi. El Niño isiingie. Mwenzako aliyekuambia uzibe asiingie. Paa lililovuja usilitaje kabisa. Najua unalipenda hilo la Mungu kukusitiri, lakini mwachie Mungu mambo yake, aliyenyamaza ni wewe.

Sasa, atafanyaje? Simjui mumeo. Anaweza kupayuka, anaweza kutoka akaenda kukaa kijiweni mpaka magharibi. Wanaume wa aina hii, wanaosafisha kaseti moja moja kila jioni, wengi wao hunyamaza. Akinyamaza, mwache anyamaze. Wewe ulichukua miaka 28, yeye akichukua siku nne usimhesabie. Usiite padri, wala mzee wa jumuiya, wala wifi. Usimwambie "ni kaseti tu jamani". Na usimsukume aseme amekusamehe ili wewe upate usingizi. Pika, fua, salimia asubuhi, subiri.

Kuna mlango mmoja wa pembeni najua umeshauwaza: kuisikiliza kaseti kwanza kwa siri, ujue kimefutika kiasi gani kabla ya kukiri. Usifanye. Kama kuna chochote kilichobaki ndani yake, wa kwanza kukisikia awe yeye.

Maana kunaweza kuwa na kilichobaki. Nikuambie kweli bila kukupamba: pale mliporekodi, hakuna kitu. Ndani ya deki kuna hedi, yaani kile kichuma kinachogusa utepe, ya kufutia iliyotangulia hedi ya kurekodia, utepe unapita hapo kwanza, unafutwa, ndipo unaandikwa upya. Asije fundi yeyote akakwambia atazirudisha salamu kutoka chini ya kwaya kwa laki mbili, anataka laki mbili zako. Lakini inafuta ilipopita tu. Kaseti ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande. Mliimba dakika ngapi? Na salamu zilikuwa mwanzoni, au alikuwa ameshajaribisha nyimbo nyingine Jumapili zile mbili za kusubiri? Hata kama salamu zimekwenda, huenda mkia wa wimbo upo, baada ya mwalimu wenu kuzima. Nafasi ni ndogo. Kaseti mpya, kijana mwenye pupa, nadhani alianzia mwanzoni kabisa.

Nafasi kubwa iko kwingine, na umeiandika mwenyewe bila kuiona. Shemeji yako wa Kilosa.

Mdogo mtu, mwenye duka, anaazima kaseti yenye jina la mama yake mzazi, anakaa nayo karibu mwezi. Ni miaka ya tisini mwanzoni, redio za deki mbili zimejaa madukani, watu wananakiliana kaseti usiku na mchana. Mwezi mzima alikuwa anafanya nayo nini, anaitazama? Mimi ningeweka pesa yangu kwamba alinakili, na kwamba hakusema kwa sababu kaka yake alivyo na wivu na kaseti hiyo mnamjua wenyewe. Huenda imepotea. Huenda na yeye mkewe alikuwa kwenye kwaya. Lakini ndipo pa kuuliza.

Ila anayeuliza ni mumeo. Nimekuona tayari umeshika simu. Ukimpigia shemeji kabla hujamwambia mumeo, utakuwa umemfanya awe wa mwisho kujua jambo la mama yake, nyuma ya mjukuu na nyuma ya mdogo wake. Mwambie kwanza. Siku atakapokuwa anaongea tena, ndipo useme taratibu, "Hivi ile kaseti ilivyokaa Kilosa, mdogo wako hakunakili kweli?" Kisha uondoke uende jikoni.

Ikipatikana, chonde chonde msiitumbukize kwenye ile redio ya mtumba kwa furaha. Kaseti iliyolala miaka thelathini utepe wake unaweza kuwa umegandana, na deki yenye meno makavu itautafuna mbele ya macho yenu. Pitisheni kalamu ya Bic kwenye tundu, izungusheni kwa mkono, taratibu, mwone kama inatembea. Itazameni kwenye mwanga kama ina ukungu mweupe pembeni mwa utepe. Kuna kipande kidogo cha sponji mbele, pale hedi inapogusa. Kikiwa kimebanduka sauti itafifia, na fundi anaweza kuhamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine nzima. Deki yenyewe ipigwe kwanza na kaseti isiyo na kazi, hedi ifutwe kwa pamba na spiriti. Na mara ya kwanza kupigwa iwe ndiyo mara ya kurekodiwa: waya kutoka tundu la spika za masikioni kwenda kwenye kompyuta. Huyu mjukuu wako fundi wa sauti ndio kazi yake hiyo, mpeni, atajirudi. Wakishaipata, itumwe kwa ndugu wote, wabaki nayo kumi badala ya mmoja.

Msihangaike kuzitafuta salamu kwenye maktaba ya redio, ambayo siku hizi ni TBC. Kilichotunzwa kule ni nyimbo na hotuba. Kadi zilisomwa zikapita.

Isipopatikana, basi. Huko Matombo watakuwa wamekaa watoto wa mama yule, kila mmoja anajua zile sentensi mbili za mtangazaji kwa moyo, na kila mmoja anajua jina lilivyovunjwa. Nafikiri mumeo mwenyewe ataziigiza vizuri kuliko simu ya mjukuu wako. Lakini hilo usimpendekezee wewe. Likimjia, litamjia.

Jambo dogo kuhusu hiyo kwaya. Humo ndani una miaka 29, unaimba sauti ya pili, na kama paa lenu lilikuwa la bati basi El Niño yote imo. Siku moja mtataka kuisikia. Isiwe mwaka huu, na usimpe kama fidia, itamkera. Msiifute tu.

Na kikaratasi usikitoe. Najua utashawishika, kitoke, kaseti ionekane safi. Mkabidhi kikiwa humo humo. Akitoe yeye.